Mmea wa maua ya njano ulioota nyuma ya nyumba: ni mchunga au ni gugu tu?

Mkazi wa Chanika ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mwaka jana nilihamia Chanika, katika kiwanja ambacho kabla yangu kilikuwa shamba la mihogo, na tangu masika haya yaanze kuna mmea mmoja ambao umetawala upande wote wa nyuma ya nyumba, kuanzia kwenye karo la maji machafu hadi chini ya mwembe. Huanza kwa majani marefu membamba yaliyolala chini kama yaliyopangwa duara, kisha hupandisha bua lenye uwazi ndani kama mrija, ambalo kwangu limefika kimo cha kiuno. Juu ya bua hutoka matawi membamba yenye maua madogo ya njano, ambayo huyaacha yamefunguka ninapotoka asubuhi, na nikirudi jioni huyakuta yamefumba kana kwamba hayakuwahi kuchanua. Jani likikatwa hutoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukikauka vidoleni huacha doa la kahawia linalonata.

Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye asili ya Rufiji, alikuja kuniomba ruhusa ya kuchuma, akaniambia kuwa huo ni mchunga na kwamba nimekalia mboga bila kujua. Mimi nimekulia Njombe na jina hilo nililisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwake. Shemeji yangu wa Tabata naye alipofika alisema kuwa hayo ni magugu, na kwamba mmea wa maua ya njano wa namna hiyo uliwahi kuwaua mbuzi wa baba yake. Nina watoto wawili wadogo, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Naomba mnisaidie kujua nitautambuaje kwa uhakika, unapikwaje, na nitauzuiaje usilimeze tuta langu la mchicha, kwa maana nimeshalima pale mara mbili na kila nikilima unarudi mwingi kuliko mwanzo.

Mwalimu wa Biolojia, Kinondoni, amejibu:

Ndugu Mkazi wa Chanika, maelezo yako yanasaidia kuliko picha nyingi tunazoletewa, na kwa jinsi ulivyoeleza sina shaka kubwa kwamba ulicho nacho ni mchunga, ambao kitaalamu huitwa Launaea cornuta. Hata hivyo, kwa kuwa mboga hii italiwa na watoto, nisingependa uliamini neno langu wala la jirani yako kabla hujautazama mmea wenyewe kwa karibu, na pa kuanzia ni lile ua.

Chuma ua moja asubuhi kabla ya saa nne, ulipasue katikati kwa ukucha. Mchunga umo katika familia ya alizeti, na katika familia hiyo kitu tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa maua madogo mengi yaliyobanwa katika kikombe kimoja. Katika alizeti yenyewe maua hayo ni ya namna mbili: yale ya pembeni yenye ulimi mrefu wa njano, na yale ya katikati yaliyo kama vijirija, ambayo ndiyo yanayozaa mbegu tunazokamua mafuta. Mchunga hauna namna hiyo ya pili. Kila kiua, kiwe cha pembeni au cha katikati, kina ulimi wake, na ukiusogeza ulimi huo karibu na jicho utaona kuwa ncha yake imechongeka meno matano madogo, ambayo ni alama ya petali tano zilizoungana. Wanafunzi wangu huwa hawasadiki mpaka wameyahesabu wenyewe. Ukikuta katikati ya ua pana kitufe cha vijirija kama cha alizeti, basi huo si mchunga, hata kama rangi ya njano ni ile ile.

Kati ya mimea unayoila tayari, ndugu yake wa karibu ni saladi. Ukiiacha saladi bustanini bila kuichuma mpaka ikapandisha bua, itatoa maua madogo ya njano ya aina hii hii, itatoa utomvu mweupe huu huu, na majani yake yatakuwa machungu. Hata jina lake la Kilatini, Lactuca, limetokana na neno lao la maziwa. Uchungu wa mimea hii umo ndani ya huo utomvu, na mmea unautumia kujikinga na wadudu na wanyama wanaotafuna majani. Katika saladi watu wameupunguza uchungu huo kwa kuchagua mbegu vizazi na vizazi. Mchunga haukuchaguliwa na mtu, ndiyo maana umebaki na uchungu wake wote. Jirani zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya huuita mtsunga, na uchungu huuita utsungu, kwa hiyo ni rahisi kuusikia uchungu ndani ya jina lenyewe.

Sasa niseme habari ya mimea inayoweza kukuchanganya, maana hapa mjini maua ya njano ya familia hii ni mengi. Ule utambaao kwenye bustani za hoteli na kando ya barabara, wenye majani mazito yanayong'aa yaliyogawanyika sehemu tatu, ni wa kutoka Amerika ya joto. Ulipandwa kwa urembo na sasa umo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo hatari zaidi duniani. Huo hauliwi. Alizeti pori, ile yenye ua kubwa na shina la mti, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na kazi yake nzuri ni mbolea ya majani. Yote miwili ina kitufe katikati ya ua na hakuna wenye maziwa. Upo pia mmea wa jamii ya Sonchus, ambao ni ndugu wa kweli wa mchunga: una maziwa na ua lake ni la ndimi tupu, lakini majani yake hulikumbatia bua kwa masikio mawili, kingo zake zina meno yanayochoma kidogo, na chini una mzizi mmoja wa kwenda moja kwa moja ardhini. Ukiuchuma huo kwa makosa hutadhurika, kwa sababu nao huliwa sehemu nyingi.

Kuhusu mbuzi wa baba mkwe wa dada yako, au vyovyote undugu huo ulivyo, shemeji hakusema jambo la kipuuzi. Katika familia hii hii kuna kundi la Senecio, ambalo mimea yake mingi ina maua ya njano na sumu inayoharibu ini polepole, kwa watu na kwa mifugo. Mnyama anaweza kula leo na kuugua baada ya wiki kadhaa, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Maua ya Senecio yana kitufe cha vijirija, na jani likikatwa halitoi maziwa. Kwa hiyo utambuzi wako uwe huu: maziwa meupe pamoja na ua la ndimi tupu. Rangi ya njano peke yake haikuambii kitu.

Kijana wa Kigamboni amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Naomba niongeze neno moja, kwa sababu msomaji mwenye haraka anaweza kushika nusu ya kanuni yako. Maziwa peke yake nayo hayatoshi. Mnyaa tunaoupanda uzio una maziwa, na kila aliyewahi kuukata bila kuangalia upepo anajua yanavyofanya yakiingia jichoni. Mziwaziwa unaoota kwenye nyufa za saruji una maziwa pia, na upo mwingine wa jamii hiyo hiyo, mrefu zaidi, unaopenda mashamba ya mahindi, ambao ukiwa mdogo mtu mgeni anaweza kuufikiria mboga. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo wenye ua la alizeti.

Mwalimu wa Biolojia, Kinondoni, amejibu:

Marahaba, na umenisahihisha vyema. Ndiyo maana nilitaka vyote viwili vionekane kwa pamoja. Shida inabaki kwamba mchunga huchumwa kabla haujatoa ua, kwa hiyo asiyeujua afanye hivi: auache mmea mmoja uchanue, aukague, kisha auchimbue mche ulio kando yake ambao bado umelala chini, avifananishe vyote viwili jani kwa jani na mzizi kwa mzizi. Baada ya hapo jicho halisahau. Mwenye mashaka makubwa abane tawi lenye jani, ua na kipande cha mzizi kati ya magazeti chini ya kitu kizito hadi likauke, kisha alipeleke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Idara ya Botania ina hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia.

Bibi wa Mbagala amejibu:

Mwanangu wa Chanika, jirani yako ana adabu, maana wengine wangechuma alfajiri wakakuachia mabua. Mwalimu amemaliza habari ya ua, lakini mboga hii ua lake likishatoka mpishi amechelewa. Chuma majani ya chini wakati bado yamelala, laini, kabla bua halijapanda. Bua likishapanda uchungu wake hata nazi haiuwezi.

Yaoshe majani yakiwa mazima, uyapange pamoja kama unavyopanga noti, uyakate membamba kama tumbaku. Nyunyiza chumvi ya kutosha, kisha yafikiche kwa viganja viwili ndani ya bakuli, kwa nguvu, mpaka litoke povu la kijani na majani yanywee hadi yabaki kiasi cha ngumi. Yakamue, mwaga maji hayo, suuza, uonje jani moja. Likikukunja uso, rudia. Wapo wanaochemsha na kumwaga maji, nao hawakosei, ila mimi naona mchunga uliochemshwa hupoteza utamu wake pamoja na uchungu, na anayetaka mboga isiyo na uchungu kabisa angepika mchicha akapumzika.

Kuna nazi, kisha kuna subira. Kuna nazi moja iliyokomaa, kamua tui zito uliweke kando, kisha tia maji ya uvuguvugu ndani ya chicha ukamue tui jepesi. Bandika kitunguu, nyanya na bilinganya mbili ndani ya tui jepesi, tia mchunga wako, uache moto mdogo mpaka tui linywewe karibu lote. Hapo ndipo unamimina tui zito, na tangu dakika hiyo usiondoke jikoni: koroga taratibu upande mmoja, kwa sababu tui likichemka ovyo hukatika, na mboga huonekana kama iliyomwagikiwa maji ya mchele. Chumvi ionjwe mwisho kabisa, maana nyingine ilishaingia wakati wa kufikicha. Kwa watoto changanya sehemu moja ya mchunga na sehemu mbili za mchicha au majani ya maboga, nao watazoea kidogo kidogo. Kwetu hii huliwa kwa bada na ng'onda, lakini ugali wa sembe na dagaa wa kukaanga nao haukosi heshima.

Mkulima wa Goba amejibu:

Mimi nitajibu swali la tatu peke yake, kwa kuwa ndilo lililonitesa miaka miwili. Ndugu yangu, kila ulipolima ulikuwa unapanda. Mchunga hausimami juu ya mzizi mmoja. Chini ya ardhi una mashina yanayotambaa, meupe kama kamba, yanayokatika upesi, na kila kipande chenye chipukizi kinaweza kuwa mmea mzima. Jembe lako lilikata kamba moja vipande kumi, ukavifukia vizuri katika udongo uliolainika, mvua ikanyesha. Usingeweza kuupandikiza kwa ustadi zaidi ya huo.

Weka jembe kando, utafute uma wa bustani. Subiri siku moja baada ya mvua, wakati udongo umelegea, uinue udongo badala ya kuukata, kisha uifuate kila kamba kwa mkono mpaka mwisho wake. Unachokitoa usikitupe kwenye shimo la mboji, kwa sababu kitaota humo humo. Kitandaze juu ya bati juani mpaka kikauke na kuvunjika kama kijiti. Kama una sungura, hiyo ni karamu yao. Baada ya hapo zunguka tuta kila wiki, na kila kichipukizi utakachokiona ukikate kabla hakijapata majani ya kutosha kukilisha kile kilichobaki chini. Mabua yenye maua yakatwe kabla ya mbegu kukomaa, kwa kuwa kila mbegu ina manyoya meupe laini, na upepo wa kusi hauulizi mpaka wa kiwanja.

Dawa ya kuua magugu sikushauri. Ipo aina inayoshuka hadi mizizini na kuua kweli, lakini jirani yako anaingia pale kuchuma, na siku utakayosahau kumwambia ndiyo siku atakayopika. Mimi niliishia kugawa eneo: nilifukia vipande vya bati kiasi cha urefu wa mkono kuzunguka pembe moja, nikauacha mchunga utawale huko, na pengine pote naung'oa. Mabati hayo ningeyauza chuma chakavu yasingenipa hata nauli ya kwenda Kariakoo.

Mpangaji wa Temeke amejibu:

Nawashukuru wote kwa maelezo haya. Nilitaka kuuliza kama ni kweli kwamba maji ya mchunga yanaponya kisukari na malaria, kwa sababu mtaani kwetu kuna mama anayeyauza kwa chupa, na mama yangu mzazi ameanza kuyanywa asubuhi badala ya vidonge vyake.

Muuguzi, Ilala, amejibu:

Ndugu Mpangaji, tafadhali mrejeshe mama kwenye vidonge leo hii, na umpeleke kupimwa sukari kesho. Ni kweli kwamba mchunga umetumika katika tiba za asili pwani yote, na wataalamu wameuchunguza katika maabara, lakini jambo lililoonekana kwenye chupa ya maabara au kwa panya halijawa tiba ya binadamu. Mfano mzuri umo katika familia hii hii ya alizeti. Dawa ya mseto tunayoitumia kutibu malaria imetokana na artemisini, ambayo hutolewa katika mmea wa Kichina wenye maua madogo ya njano, na mwanasayansi Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Hata hivyo anayetibiwa hapewi majani ya kuchemsha. Hupewa kiasi kilichopimwa, pamoja na dawa ya pili, kwa siku 3. Chupa ya yule mama haina kipimo chochote. Mchunga kama mboga, mama aendelee nao kwa raha zake.

Kwa aliyeuliza mwanzoni: umesema mmea umeanzia kwenye karo la maji machafu, na nashangaa kuwa hakuna aliyelishika jambo hilo. Majani ya mboga hukusanya yaliyomo ardhini. Ukiyaosha unaondoa vumbi na mayai ya minyoo yaliyoko juu, lakini madini kama risasi ambayo mzizi umeshayafyonza hayaondoki kwa maji wala kwa kufikicha. Ndiyo sababu ya manung'uniko yetu ya miaka mingi kuhusu mboga zinazomwagiliwa maji ya mto Msimbazi, na ndiyo sababu nisingechuma chochote kando ya barabara kuu ya zamani au nyuma ya gereji. Petroli yenye risasi iliondolewa kwetu kufikia mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kutua kwenye udongo haikuondoka pamoja nayo. Kwako chuma ule wa chini ya mwembe, ule wa karoni uuache.

Na neno dogo kwa Bibi wa Mbagala, kwa heshima zote: kufikicha na kumwaga maji, kama ilivyo kuchemsha na kumwaga, kunaondoa sehemu ya vitamini pamoja na uchungu.

Bibi wa Mbagala amejibu:

Mwanangu Muuguzi, nimekusikia. Vitamini zilizobaki zinatosha kwa mtu anayekula, kwa sababu zile zote zikiachwa ndani hakuna atakayemeza.

Mkazi wa Chanika amejibu:

Ndugu zangu, narudi kutoa taarifa baada ya majuma mawili. Jumamosi asubuhi nilipasua ua kama Mwalimu alivyoelekeza, na nilitumia kioo cha kukuzia cha mwanangu wa darasa la nne, ambaye ndiye aliyehesabu. Ndimi tupu mpaka katikati, na kila ulimi meno matano. Alihesabu ndimi saba kabla ya kuridhika. Niliuchimbua pia mche ambao haujachanua, nikazikuta zile kamba nyeupe zinazoelekea kwenye tuta la mchicha kutoka pande tatu, nikajionea aibu kwa ile kazi ya jembe.

Upande wa karo nimeung'oa wote kwa uma, na kamba zake ziko juu ya bati hadi sasa. Upande wa mwembe nimeuzungushia vipande vya bati la zamani, na jirani yangu anaingia kuchuma anapotaka bila kubisha hodi ya ruhusa. Jumapili yeye ndiye aliyekuja kupika, kwa sababu tui langu la kwanza lilikatika. Mke wangu aliongeza sahani. Mtoto mkubwa alikula akanyamaza. Mdogo aliuchambua mchicha wote, akaupanga mchunga pembeni mwa sahani jani moja moja. Shemeji alikuja jioni akakuta sufuria limeoshwa, akauliza ni mboga gani iliyobakisha harufu ya nazi nyumba nzima. Nikamwonyesha chini ya mwembe.